Nani Ananinyonyea Betri?

Jumatatu, 4 Machi

Betri imekufa tena! Asubuhi ya tatu mfululizo. Nageuza ufunguo — tik, basi. Na jana niliichaji ikajaa kabisa.

Miaka sita naliunda gari hili humu bandani kwa mikono yangu, injini ya huku, milango ya kule. Ukaguzi wa kuliruhusu barabarani ni Jumamosi. Lisipopita, nimemwahidi mke wangu nitalivunja, na banda nimwachie kaka yake aweke vifaa vyake. Shemeji ni fundi umeme wa majumbani. Nyaya za taa za nyuma alifunga yeye. Ufunguo wa banda anao. Sisemi kitu. Nawaza tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeichaji tena, nimepima. Nimechomoa waya wa hasi kwenye betri, nikaunga balbu ndogo katikati. Kila kitu kimezimwa, kwa hiyo balbu isiwake. Imewaka! Kuna kitu kinanyonya moto kimyakimya. Nikachomoa fyuzi moja moja. Honi — bado inawaka. Taa za mbele — bado. Taa za nyuma — ikazimika papo hapo.

Taa za nyuma. Kazi ya nani? Haya.

Jioni shemeji kapita, mpole kupita kiasi. Eti linaendeleaje? Eti kesho ana nafasi, tusaidiane. Upole huo una jambo.

Jumatano, 6 Machi

Nimemtolea uvivu. Mbele ya dada yake, chai haijapoa: unanihujumu kwa sababu ya banda. Hakubisha! Kasema tu, sawa shemeji, kama ndivyo unavyoniona. Nikadai ufunguo, akauweka mezani. Asiye na kosa angepiga kelele, au siyo? Mke wangu hanisemeshi.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika ndani ya buti la gari. Asubuhi nilimsikia mke wangu kwenye simu, sauti ya chini: njoo saa nne, atakuwa kazini, ufunguo wangu nakuachia kwa jirani. Nikaaga, nikazunguka nyuma, nikajikunja humu na daftari. Betri imejaa, fyuzi zote nimerudisha. Leo ni kufumania tu! Nikavuta mfuniko — paa, ukajifunga.

Kisha nikashangaa naona ninachoandika.

Taa ya buti! Buti limefungwa na inawaka. Mfuniko ukishuka unapaswa kubonyeza kifungo, taa izime — lakini haukifikii. Umebakiza upana wa kidole. Na taa hii nilifunga mimi, mwezi uliopita, peke yangu, nikaiunga kwenye waya wa taa za nyuma. Sikumwambia mtu. Ukifungua unaikuta inawaka, unasema safi. Ukifunga, nani ataona?

Mimi. Ni mimi mwenyewe. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Na mfuniko unafunguliwa kwa nje tu!

Mlango wa banda umelia. Shemeji. Anahema, katua kitu kizito sakafuni. Yuko kwenye simu. Dada, nimetoa betri ya gari langu la kazi, ni mpya kabisa. Naifunga sasa hivi, Jumamosi apite. Ila usimwambie ni mimi, ataikataa.

Kafungua boneti. Nasikia spana. Nimeinua ngumi nigonge, nimeishusha. Taa imezimika — keshachomoa betri ya zamani. Naandika gizani, mistari inapandana.

Anaimba kwa sauti ya chini. Mwanamume mzima, nimemtukana jana, anaimba.

Nikigonga ataruka kwa hofu. Halafu atafungua. Halafu nimwambie nini?