Mwezi Umenizuia Ng'ambo

Tarehe 4 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Na tumbo halijambo? Miguu imevimba? Ukisema haijavimba nitajua unanificha. Sisi huku wazima, ila baba yako na kikohozi chake kile, na mimi usingizi sina kwa kukuwaza wewe.

Nakuja kukaa nawe mpaka ujifungue. Hilo halina mjadala. Mzazi wa mara ya kwanza haachiwi mwanamume, hasa huyo mumeo anayeunguza hata maji ya chai. Ila kuna hiyo bahari. Kwa nini ulikubali kwenda kufundisha shule ya kisiwani, mpaka leo sijui. Mashua sipandi, unanijua, hata beseni likijaa sana nakaa mbali nalo. Nasikia ipo njia ya mchanga, maji yakitoka watu hupita kwa miguu. Basi niambie siku, nami nitapita kwa miguu yangu kama binadamu.

Ni mimi mama yako

Tarehe 9 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi na mjukuu wako tu wazima, yeye kutwa kucha anapiga mateke. Miguu imevimba kidogo, haya, nimesema ukweli. Mpe baba pole.

Kuhusu njia: mwezi ndio unaoyavuta maji ya bahari, na jua nalo huvuta. Jua ni kubwa lakini liko mbali, kama baba enzi zile za kazi ya safari. Mwezi ni mdogo lakini uko karibu, kama wewe, kwa hiyo nguvu yake ndiyo tunayoiona zaidi. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mwandamo, jua, mwezi na dunia hukaa mstari mmoja, na hao wawili huvuta kwa pamoja. Siku hizo maji hupanda sana, kisha baada ya saa chache hutoka sana, njia ikakauka kabisa. Huku wanaziita siku za bamvua. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta upande wake. Maji hayapandi sana, wala hayatoki sana, na njia hubaki chini ya maji.

Kwa hiyo njoo mwezi ukiwa mpevu, tarehe 14. Nitakusubiri upande wa huku.

Mwanao

Tarehe 22 Machi, ng'ambo yako

Mwanangu,

Za siku nyingi? Unakula? Usishtuke kuona barua imeletwa na mwenye mashua, huyu wanayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Niko huku ufukweni, nyumba ya wageni ya rangi ya samawati. Paa lako naliona. Hata shuka ulizoanika naziona, zitoe, mawingu yanakuja.

Barua yako niliisoma vizuri tu. Nilipofika pale ulipoandika kwamba siku za mwezi mpevu maji hupanda sana, moyo ulinidunda, nikaruka mistari. Nikakuta mwezi nusu, maji hayapandi sana. Nikaikunja. Baba yako akauliza, "Mbona hujamaliza?" Nikamwambia nimeshaelewa. Nikasubiri mwezi ukatike nusu, hao wawili wanuniane, bahari itulie. Kweli imetulia. Imetulia juu ya njia.

Leo maji yalipotoka nikajaribu kupita. Magotini, mapajani, kiunoni, nikarudi. Redio alikuwa ananitazama. "Mama," akasema, "unaoga au unasafiri?" Sijawahi kutukanwa kwa heshima namna ile.

Ni mimi mama yako

Tarehe 23 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole kwa safari. Kumbe ndiyo maana tarehe 14 nilikusubiri mpaka maji yakarudi. Nimecheka mpaka mume wangu akadhani uchungu umeanza, akatoka mbio na kiatu kimoja. Mama, ungesoma maneno matatu tu mbele!

Sasa ni mawili: upande mashua ya Redio, ambaye tangu tuhamie huku hajaangusha majini hata chungwa, au usubiri mwezi mwandamo, tarehe 29. Mkunga anasema naweza kufika tarehe hiyo sijajifungua, au nisifike. Shuka nimezitoa. Nakuona umesimama ufukweni na mwavuli. Kaa chini, mama.

Mwanao

Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Umeamkaje? Mgongo je? Nimekaa chini, usinipigie kelele.

Hebu nieleze. Mwezi mwandamo hauonekani. Sasa kisichoonekana kinavutaje? Redio anasema upo, umekaa upande uleule wa jua ndiyo maana hatuuoni, wanavuta kamba moja. Nikamwambia nitaamini nikiona mchanga. Nitasubiri. Na mtoto naye mwambie asubiri, bibi yake yuko njiani.

Nimempa Redio nepi, sufuria, mto wangu na kile kigodoro. Akasema, "Mama, mzigo wote umevuka, umebaki mwenye mzigo." Nikamwambia apige makasia.

Usinyanyue ndoo.

Ni mimi mama yako

Tarehe 26 Machi

Mama,

Uchungu umeanza. Mkunga amefika, anasema mambo yanakwenda sawa, ila safari bado ndefu. Mume wangu alichemsha maji yakakauka, sasa anachemsha mengine, na hakuna aliyemtuma.

Sikulazimishi, mama. Nilidhani nimeshakuwa mtu mzima. Lakini kila uchungu ukija naangalia mlangoni.

Mwanao

Tarehe hiyohiyo 26

Mwanangu,

Hali sikuulizi, naijua.

Naandika nikiwa ndani ya mashua. Redio mwenyewe ndiye aliyesema nishike kalamu, maana nilikuwa nimemshika shati na vifungo vimeshatoka. Mwandiko ukipinda ni wimbi, si mimi. Nilimuuliza kama leo njia itakauka, akasema bado, jua na mwezi hawajakaa sawa. Nikamwambia hao waache wapatane kwa nafasi yao, mimi mwanangu anaumwa, sogeza mashua.

Nimefumbua macho. Kuna maji kila upande, mwanangu, kila upande, na mtu huyu anaimba. Namwona mumeo ufukweni anatupungia sufuria. Si ajabu ni yangu. Nikishuka nitamwambia aiweke chini anishike mkono.

Barua hii naileta mwenyewe. Usijibu. Pumua.

Ni mimi mama yako, niliye majini