Koti Lisilo na Pindo

Chumba cha Mafundi,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
Jumapili mchana.

Mpendwa Wifi yangu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo huko kwenye baridi? Mgongo wako bado unakusumbua asubuhi? Na mzee wako, zile zamu wamempunguzia? Mimi mzima, ila usingizi na chakula vimenikimbia, na sababu nitakwambia. Mwandiko utanisamehe, unajua niliishia darasa la nne.

Chiriku wetu hajambo kabisa. Ametimiza miaka tisa, mdomo wake umetimiza ishirini. Kutwa ni Shangazi, Shangazi, ndege, ndege. Ameshafungasha mswaki, na safari bado mwezi mzima. Kila asubuhi anautoa, anapiga mswaki, anaurudisha kwenye begi.

Sasa nisikilize. Kaka yako ameniletea fomu ya ruhusa ya mtoto kusafiri. Kwa kuwa tumeachana, zinatakiwa sahihi zetu wote wawili. Yake ipo. Yangu inangojewa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kwa afisa ustawi wa jamii. Aliyenisomea ni Chiriku mwenyewe. Alipofika katikati akasema, "Mama, tarehe ya kwenda ipo. Ya kurudi hawajaandika." Akaendelea kusoma kana kwamba hajasema kitu. Mimi nilikuwa nashona vifungo, sindano ikaniingia kidoleni.

Kesho yake nikaenda kumwuliza yule afisa. Ni mama mtu mzima, wala si mkali. Akaniambia, "Usipotia sahihi, mtoto haendi. Ukitia, mimi hapa sina tena cha kukusaidia."

Juzi kaka yako akaja hapa kazini na kitambaa cha sufu, mbele ya mafundi wenzangu wote. Nimshonee mtoto koti la baridi, na niache pindo la vidole vinne, mikononi na chini.

Nikamwuliza, "Vidole vinne kwa safari ya wiki tatu?"

"Mtoto anarefuka."

"Kwa wiki tatu, Baba Chiriku? Unampeleka likizo au unaenda kumpanda shambani?"

Mafundi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Wewe hata paka akipiga chafya unaita majirani," akasema, akaenda zake.

Wifi, nimeshika cherehani miaka kumi na minne. Pindo la vidole vinne ni miaka miwili, hata mitatu. Hivyo ndivyo tunavyowashonea watoto sare wanapoanza shule. Halafu najiambia, lakini mtu huyu namjua, viatu vyake vya harusi alinunua vikubwa akajaza magazeti kwenye ncha, eti vimfae maisha. Labda ni ubahili wake tu. Najichekesha hivyo, kisha naikumbuka ile siku aliyomchukua Chiriku kwa siku mbili akamrudisha baada ya kumi na moja, simu kaizima. Siku zile zote sikuthubutu hata kufua shuka alilolalia.

Na hili ndilo linaloniogopesha kuliko yote, usinikasirikie. Mtoto anasema umemwekea chumba, na ndani yake meza ya kusomea. Likizo gani inataka meza ya kusomea, Wifi? Najua hukujaliwa wa kwako. Najua unampenda, maana siku aliyozaliwa wewe ulimpakata kabla yangu, mimi sijitambui. Ndiyo maana nakuuliza wewe, simwulizi yeye. Ni wiki tatu, au mmekubaliana vingine? Kwenye simu singeweza, chumba chetu ni kimoja na Chiriku ana masikio.

Kumkatalia mtoto pia nashindwa. Anajizoeza mbele ya kioo jinsi atakavyokuamkia. Jana kaniambia, "Mama, nikienda usilie juu ya nguo za watu, zitaingia doa." Nikacheka mpaka nikalazimika kutoka nje.

Niandikie tarehe ya kurudi, kwa mkono wako, barua ifike kabla ya Ijumaa hiyo. Neno lako nitaliamini, nami nitatia sahihi. Lisipofika, sitatia. Chiriku atanilaumu, na lawama nitaibeba.

Koti nimelimaliza leo. Pindo sikuacha, hata la kidole kimoja. Nimelikata kwa mwili wake wa leo, mkono unaishia hapo hapo kwenye kifundo. Kwa wiki tatu litamkaa sawasawa. Siku utakayoona kifundo cha mkono wake kimechungulia nje, Wifi yangu, usimtafutie fundi wa kulirefusha. Nirudishie mwanangu.

Msalimie sana mzee wako, na yule jirani yenu mwuza dawa aliyemtumia Chiriku soksi. Mama mkwe ukiongea naye mwambie sijamsahau, kitenge chake kiko tayari. Mungu akulinde na baridi hiyo, akutulizie mgongo, na aulainishe moyo wako unaposoma haya.

Wako akupendaye, leo kama siku ile ulipompakata,

Mama Chiriku