Baraka Niliyoipangusa

Bweni la Wasichana,
Kakuma.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Napeyok,

Leo nitakueleza yote, hata lile ambalo kalamu yangu ingependa kuliruka. Lakini kwanza, ejok? Hujambo huko Kisumu? Mgongo umepata nafuu, au bado unakusumbua ukitoka zamu hospitalini? Mimi ni mzima wa mwili. Jua la Kakuma ni lile lile, na upepo wa jioni unatutilia mchanga hadi kwenye sahani.

Nyanya naye hajambo, nadhani. Neno hilo "nadhani" ndilo lililonifanya nikuandikie.

Wiki iliyopita chama chetu cha jiografia kilikwenda Kalokol kupanda boti mpaka Kisiwa cha Kati. Mwalimu Adome alituruhusu kila mmoja aje na mzee wa kwao, atusimulie jinsi ziwa lilivyokuwa zamani. Baba hakupata ruhusa kazini Lokichar, kwa hiyo nikamwalika nyanya. Shangazi, mama yako alisafiri kutoka Lokori akatungojea Lodwar kando ya barabara, amejipaka mafuta, shanga zake zote ziko shingoni. Hakuwahi kupanda boti maishani mwake.

Nahodha, jina lake Ebenyo, alihangaika kumfunga jaketi la kuelea. Halikufungika juu ya shanga, na nyanya alikataa kuzivua. "Hii ni ngozi ya mnyama gani, haina hata unywele?" aliuliza kwa Kiturkana. Tuliomwelewa tulicheka sana. Hadi hapo nilikuwa najivunia kuwa mjukuu wake.

Kabla injini haijawashwa, aliniita mbele ya watu wote. Akanishika kichwa, akamtaja Mungu wetu Akuj, kisha akanitemea baraka kwenye paji la uso, kama alivyokuwa akikufanyia wewe. Unajua tumbaku haimtoki mdomoni. Mate ya kahawia yaliteremka puani hadi kwenye kola ya blauzi yangu nyeupe.

Boris, ambaye hukaa nyuma yangu darasani, akapaza sauti: "Nakal, mvua imekunyeshea peke yako? Si ungetuita na sisi!"

Boti nzima ikacheka. Nikatoa kile kitambaa cha mkono ulichonitumia Krismasi, chenye maua ya buluu, nikajipangusa. Sikupangusa kidogo, Shangazi. Nilisugua. Tena nikasema kwa Kiswahili ili Boris asikie, "Hawa wazee wana mambo!" Nyanya hajui Kiswahili kingi, ila alikitazama kile kitambaa mpaka nikakirudisha mfukoni.

Kisiwani tuliona mamba, na ziwa dogo la kijani lililo ndani ya kisiwa chenyewe. Nyanya aliuliza, "Maji yote haya ni ya nani? Na mbuzi wake wako wapi?" Watu walivunjika mbavu. Lakini hakuniambia mimi nitafsiri. Alimwambia Mwalimu Adome.

Wakati wa kurudi ziwa lilichafuka kwa upepo. Mawimbi yakawa yanaingia botini na hakuna aliyekuwa akiimba tena. Ebenyo akavua kofia, akainama mbele ya nyanya huku mkono wake mmoja ukiwa kwenye usukani. "Mama, tuombee. Ziwa hili halinisikii mimi."

Nyanya akayatemea mate maji ya ziwa kwanza, halafu Ebenyo, halafu Mwalimu Adome, ambaye alifumba macho kama mtoto. Rafiki yangu Olive, ambaye bibi yake alibaki Burundi, akasogea kwa magoti: "Na mimi munibariki, Bibi." Hata Boris, aliyekuwa ameng'ang'ania ubao, aliinamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuinama. Nyanya alipofika kwangu alinipapasa bega tu. "Wewe nisikuchafulie nguo, mwanangu," akasema, akapita.

Hakuwa na hasira, Shangazi. Alisema kwa upole kabisa, kana kwamba ananifanyia hisani. Afadhali angenichapa.

Tulifika ufukoni salama, sote tumelowa, na mimi peke yangu nimelowa maji matupu. Tulipofika Lodwar nyanya aliniaga vizuri, akaniuliza kama nimekula, akaingia kwenye gari la Lokori. Sitamwona mpaka Desemba. Macho yake yamefifia na mkono wake umekuwa mwepesi sana. Naogopa asije akatutoka akikumbuka nilivyosugua.

Kitambaa sijakifua. Nimekikunja chini ya nguo zangu sandukuni. Maua mawili ya buluu yamegeuka kahawia. Nilimwonyesha Olive huku nikilia, naye akanishangaa: "Sasa unalia nini? Si baraka iko hapa mu kitambaa? Haijapotea." Tangu siku hiyo angalau ninapata usingizi kidogo.

Nisalimie mwanao Asekon, mwambie penseli zake zilinifikia zote bila kuvunjika. Mbusu mdogo wake kwenye shavu lile lenye kishimo. Baba anasema hajakusahau, ni kazi tu. Akuj akunyeshee mvua ya kiasi, na wagonjwa wako wakuache ulale.

Wako akupendaye sana, japo wiki hii sijipendi,
Nakal.

Nijibu hili mapema, kwa kuwa wewe ni binti yake na unamjua: Desemba nikienda Lokori, nimpelekee kitambaa hiki kikiwa kimefuliwa, au nikibebe hivi hivi kilivyo, nipige magoti, nimwombe anipanguse nacho usoni?