Aminiel, Breki Zilipokataa

Usangi, Machi 1952

Mwaka umetimia, Aminiel, tangu gari lako likutupe bondeni kwenye mteremko wa kwenda Mwanga, na hapa nyumbani hakuna siku iliyopita bila jina lako kutajwa. Wengine huandika kwamba marehemu wao alilala kwa amani. Wewe hukulala kwa amani. Usukani ulikuvunja kifua, na ilibidi wanaume sita wainue chuma ndipo utoke.

Tunaikumbuka mikono yako. Juma zima ulikuwa Same ukitengeneza malori ya watu kwa mshahara, na Jumamosi ulipanda mlima kuja kulitengeneza moja kwa mapenzi tu: gari la mashindano, jekundu, la viti viwili, la tangu kabla ya vita, ambalo meneja mmoja wa mkonge alilitelekeza Kileo kuku wakataga ndani. Wewe na rafiki yako Parsimei, mfugaji wa huko tambarare, mlilifunga kwa maksai wake wanne mkalikokota mpaka uwanjani kwako. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Miaka mitatu baadaye liliponguruma, haohao ndio waliokuwa wa kwanza kuomba wapandishwe.

Na hasira zako tunazikumbuka, maana hukuwa malaika. Siku hendeli ya kuwashia ilipokurudi ikakuvunja mkono, ulishika nyundo kwa mkono mzima ukalitwanga boneti mara tatu, ukilitukana kwa Kipare mbele ya mchungaji. Kisha wiki mbili zilikwisha ukilinyoosha boneti lilelile.

Mkeo Eliwaza aliliita gari mke mwenzake. Ulipochelewa kula alisimama mlangoni akasema, "Baba Salama, chakula kinapoa. Au mwenzangu ameshakupikia?"

Nawe ukajibu kutoka chini ya gari, "Huyu hapiki, Mama Salama, lakini hanisemi!" Alicheka, ingawa si kila mara.

Vipuri vya gari lile havikupatikana, si Same, si Moshi. Vipande vinavyobana magurudumu vilipokwisha, Parsimei alikuletea ngozi ya shingo ya fahali, ngumu na nene. Ukaikata vipande vinane, ukavianika, ukarudi kazini kwako Same.

Eliwaza aliviona vimekauka kama magome. Kwao ngozi haiachwi hivyo. Ngozi ya kulalia, ya kubebea mtoto, hupakwa mafuta ya nyonyo ikasuguliwa mpaka ikubali kukunjika. Akaona haya kwamba miaka mitatu amekuwa akimsimanga mke mwenza. Akaketi jikoni akavipaka vyote vinane, akavisugua siku mbili, akavifuta hadi vikawa vikavu mkononi. Alitaka ushangae, umshukuru. Wewe ulikuja na haraka zako, ukavifunga bila kuuliza, ukalijaribu gari uwanjani. Likasimama. Ukapiga makofi kama mtoto, naye akayanyamazia mafuta yake akingoja siku nzuri ya kukuambia.

Jumatatu asubuhi ulishuka. Kona ya kwanza breki zilishika. Kona ya tatu zilikuwa zimepata moto, mafuta yakatoka kwenye ngozi, na gari halikukusikiliza tena. Waliokuwa wakilima kando ya barabara walikusikia ukipiga kelele wapishe. Mbele yako alikuwapo mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Ulimkwepa, na baada ya kumkwepa hapakubaki njia ila korongo. Gari lilibingirika mara nne. Kiatu chako kimoja kilikutwa juu ya mti.

Parsimei alikuwa akipanda kuja sokoni, na ndiye aliyekufikia wa kwanza. Ulikufa mikononi mwake.

Siku ya tatu baada ya mazishi kaka yako Andrea alimkuta Parsimei ameketi na wafiwa uwanjani.

"Ngozi ilikuwa yako," Andrea alisema. "Umempa ndugu yangu ngozi ya mzoga, halafu unakuja kunywa uji wa matanga yake?"

"Andrea, ngozi ilikuwa nzima."

Andrea akachukua spana yako kubwa. Alimpiga begani, akampiga magotini, na alipoanguka akampiga usoni, jicho la kushoto likapasuka. Vijana wa ukoo wakaongeza mateke. Damu iliruka hadi kwenye sufuria za uji. Eliwaza alisimama hatua tano kutoka pale, Salama mgongoni, wala hakuyataja mafuta yake. Aliiogopa spana. Parsimei aliinua uso, akamtazama, akafumba mdomo. Hospitali alisema amechomwa pembe na ng'ombe, na Andrea hakukamatwa.

Mwaka mzima hapa kwetu Parsimei aliitwa muuaji. Sokoni hawakununua maziwa yake, na watoto walimrushia mawe. Eliwaza, aliyeujua ukweli, akimwona alihamia upande wa pili wa njia. Alikonda. Tulidhani ni kwa ajili yako tu.

Mwezi uliopita, tulipokaa kuipanga kumbukumbu hii, Eliwaza alisimama akasema yote. Andrea alimnyanyulia mkono, na mama yako Eliaichi akaudaka. "Utawapiga wangapi, mwanangu?" aliuliza. Andrea akatoka nje akalipiga gari lako bovu, lililokokotwa kutoka korongoni, kwa nyundo mpaka viganja vikachanika. Hatukumzuia.

Kesho yake tulishuka wote Kileo, kwenye boma la Parsimei. Eliwaza alipiga magoti vumbini.

"Shemeji, nimekuja kwa habari ya zile ngozi. Nilizipaka..."

"Nyonyo," alisema Parsimei. "Inuka, shemeji. Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Gari lilikuwa miguu juu, magurudumu yanafuka moshi na nyonyo inanuka korongo zima. Sisi ngozi tunapaka mafuta ya kondoo. Nyonyo ni ya jikoni kwenu."

"Na spana ile yote ulinyamaza?"

Parsimei alimgeuzia lile jicho moja. "Ulikuwa na mtoto mgongoni," alisema.

Andrea, aliyebaki nyuma mlangoni mwa boma, alikaa chini kwenye mbolea ya ng'ombe akalia kwa sauti, mtu mzima yule.

Kwa hiyo, Aminiel, tunakuandikia gazetini ili wasome na wale waliorusha mawe. Parsimei hakukuua. Uliuawa na mapenzi ya mkeo, na mkeo ameomba tuliandike neno hilo hivyohivyo, bila kulipunguza.

Wanaokukumbuka ni mkeo Eliwaza, binti yako Salama ambaye sasa anatembea, mama yako Eliaichi, kaka yako Andrea, na Parsimei, ambaye tulimwomba akubali kuandikwa miongoni mwa ndugu zako. Akakubali.

Hutatutoka moyoni, Aminiel, siku zote za maisha yetu.