Linus, Uliyechoma Nyama ya Ruracio ya Dada Yako

Mwaka umetimia, Linus, tangu kokeini ikutoe kwetu hapa Edmonton, siku ya ruracio, sherehe ya mahari ya dada yako Shiku, wageni wakiwa mezani.

Ulikuwa mtu wa mkaa. Hakukuwa na harusi wala matanga ya Wakenya wa upande huu wa London ambayo hukusimama nyuma ya jiko, mvua ikikunyeshea, ukikataa mwavuli kwa sababu eti unaharibu moshi. Watoto uliwakatia maini kwanza. Wazee uliwaambia wangoje, na wazee wakangoja.

Ghalani ulikoendesha foklifti walikupenda. Mama akirudi kutoka zamu ya kuwatunza wazee, alikuta chai yake kwenye thamosi, tangawizi nyingi, sukari kidogo.

Kokeini ulionjeshwa na wenzako wa kazi, Ijumaa moja, chooni kwenye baa. Ulimwambia Shiku ni kitu cha wikendi tu. Wikendi yako ikaanza kufika Jumatano.

Wewe ambaye hukuwahi kumtishia hata paka, ulipasua kioo cha bafu kwa kichwa. Ulimpiga Baba ngumi ya mdomo, jino likamtoka, kwa kuwa aliuliza funguo za gari ziko wapi. Ulimkaba Mama shingo jikoni ukidai amewapanga majirani wakusikilize kupitia ukutani. Kesho yake alienda kazini amejifunga skafu, akawaambia wenzake ana mafua. Damu ilikutoka puani hadi mto wako ukawa mweusi. Kisha ulipiga magoti ukaomba msamaha, na ulimaanisha, na Ijumaa ikafika tena.

Shiku alikuchukia, tuliseme wazi. Alikuchukia na kukupenda kwa pamoja, na siku yake ilipofika alikukabidhi mbuzi wake, maana hakutaka mkono mwingine uguse nyama ile.

Siku hiyo wakwe walikuja kutoka Hayes wakiwa wamependeza. Wewe ulikuwa bustanini, ukienda chooni na kurudi, bia mkononi, jasho likikutiririka katika baridi ya Machi. Ryan, bwana harusi, alipoitwa kukata bega la mbuzi kama desturi inavyotaka, ulipiga kelele kwamba amekuja kumchinja dada yako. Ulimrukia na kisu. Kilimchana mkono, damu ikaruka hadi kwenye kitambaa cheupe cha meza ya nyama pale bustanini. Wajomba wakakuangusha chini, wakakukalia mgongoni. Uliwauma, uliwapiga mateke, uliguruma kwa sauti ambayo Shiku hakuitambua. Wakakuburuta hadi kwenye banda la vifaa mwisho wa bustani, wakafunga kwa nje.

Wazee na wakwe wengine walikuwa sebuleni, hawakuona. Ryan naye, maskini, kwa kutufichia aibu, alifunga mkono kwa taulo ya jikoni, akavaa koti juu yake, akasema amejikata mwenyewe.

Shiku alitoa simu. Baba akaushika mkono wake.

“Ukiita ambulance wanakuja na polisi,” alisema. “Mbele ya wakwe? Wacha kwanza wale, waende. Halafu tutamshughulikia mtoto wetu.”

“Baba, amewaka moto. Moyo wake unapiga mpaka unauona kwenye shati.”

“Amelewa. Atalala.”

Shiku akikasirika Kiswahili humkimbia. “He's dying, Dad,” alisema, kwamba unakufa. Baba akaitia simu mfukoni mwake.

Ulizipiga mbao za banda kwa mabega, kwa magoti, kwa kichwa. Ndani ya nyumba muziki ukaongezwa. Kisha ukanyamaza, na Mama akasema Mungu asifiwe, amelala. Nyama ikaletwa mezani. Wakwe waliisifu, wakauliza ni nani aliyeichoma.

Shiku hakula. Alitoka na nguo zake za ruracio, akavunja kufuli kwa tofali. Ulikuwa kifudifudi, kucha zimechanika, ngozi bado ya moto. Alikugeuza akakukandamiza kifua, akasikia mbavu zikivunjika chini ya viganja vyake, akaendelea tu, huku akipiga mayowe waite ambulance. Wakwe wote wakatoka kutazama. Aibu tuliyoifungia bandani waliiona yote, na wewe ulikuwa umekwisha kwenda.

Daktari alisema kokeini ilikuwa imeuchosha moyo wako muda mrefu, na kwamba ikikutana na pombe mwilini hutengeneza sumu nyingine inayouumiza zaidi. Alisema mtu aliyechanganyikiwa na kuwaka joto namna ile hafungiwi wala hakaliwi mgongoni. Hupigiwa 999 papo hapo. Ule ukimya haukuwa usingizi. Mama alimwomba alirudie hilo, akalirudia.

Kwenye tangazo la kifo chako tuliandika kwamba uliugua kwa muda mfupi. Mwaka huu Shiku amekataa maneno hayo, na hakuna aliyebishana naye.

Juzi mama mmoja wa kanisani alimpigia Baba. Mwanawe amejifungia chumbani, anapiga ukuta, amevua shati, na nyumbani kuna wageni, je, afanye nini. Baba hakumngoja amalize. Alichukua simu ya Mama akapiga 999, akawapa anwani, akamwambia yule mama avunje mlango, wageni watazame wakitaka.

Kijana yule yu hai. Baba alipoletewa habari hiyo alishukuru, akatoka nje, akalia akiliita jina lako hadi majirani wakafungua madirisha. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Unakumbukwa na baba yako na mama yako Bridget, dada yako Shiku, shemeji yako Ryan, wajomba zako, na wote uliowalisha.

Linus wetu, hatutakusahau kamwe.