Uzao wa Sampu

Karatu, Jumamosi

Bado natabasamu. Mjukuu wangu Nasieku anaandika programu ya kutunza kumbukumbu za koo za ng'ombe wetu. Kwenye faili la XML kila ndama anakaa ndani ya mama yake, kama boksi ndani ya boksi. Kisha programu inamfanya kila mmoja kitu kinachojitegemea, kinachomjua mama yake.

Leo ukoo wa Sampu, ng'ombe wa marehemu mama yangu, ulionekana kwenye skrini umekatika pale tulipohamishwa kutoka Ngorongoro. Nimeliogopa hilo miaka yote.

"Yule mtamba, binti wa Sampu, niliyempa rafiki yangu wa Loliondo yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nimemweka kwenye boksi la zizi la rafiki yako, babu. Hawezi kukaa ndani ya maboksi mawili."

"Ng'ombe wa zawadi habadili mama. Mrudishe kwa Sampu, na anayemchunga mwandike ubavuni mwa jina lake."

Akacheka, akarekebisha. Nikampigia rafiki yangu simu.

"Pakiteng!" akapaza sauti, ndivyo tunavyoitana tangu nimpe yule mtamba. "Leo ndiyo unawakumbuka wajukuu wa Sampu? Wamejaza zizi langu!"

Nasieku akaandika huku tukitajiwa. Majina yakazidi kushuka kwenye skrini, Sampu akiwa juu kabisa.

Nikamwomba Nasieku amzungushie Sampu boksi moja la nje, lenye jina la mama yangu.