Ramani Iliyosomeka Mno

Jumatatu, 6 Novemba. Butembo.

Filamu nne zaidi kwenye beseni. Ni picha za eksirei za kifua, za zamani, hospitali ilikuwa inazitupa. Ukiziloweka kwenye maji ya Javel, yale ya kung'arishia nguo, na kuzisugua taratibu kwa kitambaa, weusi wote unatoka, unabaki na karatasi angavu kama kioo. Ukiharakisha unaikwaruza. Tatu zimetoka safi. Ya nne ina kona iliyokataa: mbavu mbili za mtu, hafifu kama moshi. Nitaitumia hivyo hivyo. Hakuna nyingine. Karatasi za dukani hazijaonekana hapa tangu vita hivi vya pili vianze.

Mashine ya kumulikia karatasi hizi ukutani ipo, ya parokia. Ina taa moja. Ikiungua, basi.

Kahindo analala chumba cha nyuma. Nilimfundisha jiografia, sasa ni muuguzi. Ametoka porini kwa miguu. Kijiji chake chote kiko huko, kimewakimbia wenye bunduki wa kila upande. Dawa zimekwisha, muhogo unakwisha. Wiki ijayo wageni wa msaada watashuka Beni kwa ndege. Kila eneo litapewa dakika kumi za kujieleza, kisha watachagua pa kupeleka malori. Eneo lisiloeleweka halipati kitu. Watu wa parokia wameniomba nimwandae.

Mikono inanuka Javel. Nimekula hivyo hivyo.

Jumatano, 8 Novemba.

Kahindo alijaza karatasi ya kwanza kwa maneno, juu hadi chini. Niliiweka sakafuni, nikamwambia asimame wima na aisome. Hakuweza. Hicho ndicho kipimo. Usichoweza kusoma ukiwa umesimama na karatasi iko miguuni, aliye nyuma ya ukumbi hatakisoma ukutani.

"Lakini Papa Mwalimu, batu banakufa, na miye nahesabu maneno?"

Ndiyo. Uhesabu. Macho yakisoma, masikio yanalala. Karatasi moja, jambo moja. Rangi nyekundu kwa kitu kimoja tu, ukiitumia mara mbili imekuwa pambo. Usisome ukuta, ukuta unajisoma wenyewe. Usisimame kwenye mwanga. Weka karatasi, nyamaza, waache watazame, halafu sema.

Nilieleza kwa muda mrefu. Alisinzia. Sikukasirika. Nilimfunika blanketi, nikaendelea kuchora peke yangu.

Ijumaa, 10 Novemba.

Ramani imekamilika. Karatasi tatu zinazolaliana. Ya kwanza: mito, barabara, vijiji. Juu yake ya pili: vijiji vilivyo vitupu, vyekundu. Juu yake ya tatu, ile yenye mbavu: watu walipo sasa, na njia ya miguu inayowafikia. Ukiziweka moja baada ya nyingine, hata mtoto anaona. Walikuwa hapa. Hapa hapakaliki. Wako pale.

Miaka yangu yote ya chaki sijawahi kuchora kitu kinachosomeka hivi. Naandika hili bila haya.

Kahindo alikuwa anataja watu wengi, wagonjwa wa kila namna. Nikamwambia achague mmoja. Ukisema wengi, msikilizaji hamwoni yeyote. Alimchagua Kavugho, aliyejifungua mapacha chini ya shiti la plastiki. Maziwa hayatoki. Mmoja wa mapacha hana nguvu hata ya kulia.

"Sema hivyo, halafu nyamaza," nikasema.

Alinyamaza. Machozi yakamtoka. Mimi nikafurahi, kwa sababu kimya kilikuwa cha urefu uliofaa. Nimejichukia jioni yote.

Jumapili, 12 Novemba. Beni.

Tumefika kwa lori la maharage lililotoka Kirumba. Joto. Koti langu la Butembo halina kazi hapa.

Kwenye kizuizi askari alifungua mrija wangu wa kubebea karatasi. Akainua ya tatu kwenye jua. Akaona mbavu. Akauliza mgonjwa ni nani.

"Ni ya muzee huyu," Kahindo akasema upesi. "Kifua."

"Na hizi mistari?"

"Dokteri ndiye aliandika, ya kuonyesha pa kupasua."

Nikakohoa. Askari akarudi nyuma, akatuambia tupite. Mama mmoja kwenye magunia alicheka hadi akashika tumbo.

Baadaye nikamuuliza Kahindo kwa nini alidanganya. Mimi ningemweleza yule kijana ramani ilivyo, ni mtu mzima, angeelewa. Kahindo alinitazama, akaukaza mfuniko wa mrija.

Jumatatu, 13 Novemba.

Asubuhi amekuja Katibu wa protokole, msimamizi wa itifaki. Mtu wa Kasai, mpole, suti moja, ameletwa na serikali akasahauliwa hapa. Anataka karatasi ya kuanzia yenye majina ya wakubwa wote na vyeo vyao. Nikamweleza kwamba tuna dakika kumi tu.

"Mwalimu, wakubwa bakikosa majina yabo kwenye ukuta, miye nitalala wapi leo? Kwako?"

Nikamwandikia. Vyeo vinne kwa mtu mmoja. Kwa herufi kubwa, maana kanuni ni kanuni.

Mchana tulifanya jaribio ukumbini. Groupe, jenereta ya ukumbi, ilikubali kuwaka, taa ikawaka. Kahindo alisema vizuri. Aliposhusha karatasi ya tatu juu ya zile mbili, alisimama pembeni ya mwanga kama nilivyomfundisha. Sikuwa nimegundua kuwa kuna mtu mlangoni.

Ni Komanda wa mji. Alikuwa amekuja kukagua ukumbi. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, akavua kofia.

"Mwalimu, hii iko muzuri. Miye nilikosa masomo, na nimeelewa mara moja. Mara moja! Batu yangu batatu banaleta rapport kila siku, sioni kitu. Kesho ukimaliza, ile ya tatu utaniachia."

Akanipa mkono. Akaondoka.

Nilisimama na furaha yangu kama mjinga. Ilidumu labda mpaka gari lake lilipolia nje. Kisha nikageuka, nikauona uso wa Kahindo.

Wavulana wa kijiji chake wanahesabiwa na askari wa Komanda kuwa wote ni wapiganaji wa Mai-Mai. Ndiyo sababu wamejificha. Na mimi nimechora njia ya miguu, kwa alama nadhifu, mpaka kwenye shiti la Kavugho.

Jioni hiyohiyo.

Nimefikiri kila kitu. Kusogeza alama ng'ambo ya mto? Ng'ambo ya mto nako kuna watu. Kuwanong'oneza wageni? Malori hayatoki bila askari wa kusindikiza, na anayewatoa askari ni yeye yule. Kuchora vibaya, wasielewe? Basi wageni nao hawataelewa. Hakuna ramani inayosomeka na macho ya watu wema tu. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote na hili sikulifundisha.

Kahindo alitoa pamba na spiriti ya vidonda kwenye mkoba wake. Chupa ndiyo ya mwisho aliyonayo.

"Papa Mwalimu, ufute. Ni wewe ulichora."

Nimeifuta ya tatu yote. Wino hutoka kirahisi. Nilitegemea utakataa kidogo.

Jumanne, 14 Novemba.

Imekwisha. Naandika kwa ufupi.

Katibu alisoma karatasi ya vyeo polepole, jina kwa jina, na kila jina lilipigiwa makofi. Yeye hana kosa. Lakini makofi yalikula dakika za Kahindo, karibu nusu.

Kahindo alisimama wima. Ya kwanza. Akanyamaza. Ya pili. Akanyamaza. Akamtaja Kavugho na mapacha wake. Mgeni mmoja, mama mwenye nywele nyeupe, aliweka kalamu chini. Nilijua tumewapata. Mwalimu hujua.

Kisha yule mama akauliza, kwa mkalimani: wako wapi?

"Beko kwenye baliweza kukimbilia."

Akauliza tena. Ni umbali gani, upande upi wa barabara?

"Beko huko, Mama. Banangoja."

Minong'ono. Mgeni mwingine akanigeukia mimi. Amesikia mzee huyu ni mwalimu wa jiografia. Hana ramani inayoonyesha?

Komanda alikuwa mstari wa mbele, mkono kwenye kidevu. Ananitazama bila hasira. Anangoja, kama mwanafunzi.

Nikasema: "Sina."

Nyuma yangu ukuta ulikuwa na mwanga mweupe mtupu na zile mbavu mbili. Kahindo alikuwa amezitoa zile mbili, na kwa mazoea ameiweka karatasi ya tatu juu ya mashine.

Walitushukuru. Wakasema maelezo yalikuwa ya kugusa, lakini hayakuwa wazi mahali pa muhimu. Malori yatakwenda kwa waliokimbilia hapa mjini, mtaa wa Ruwenzori, kando ya barabara. Nao wana njaa. Siwaonei kijicho. Najaribu.

Watu walipotoka, Komanda alinyoosha mkono. Nikampa karatasi ya tatu. Akaiinua dirishani.

"Hii ni nini?"

"Ni kifua changu, Komanda."

Nikakohoa. Hakucheka. Aliigeuza upande wa pili, akanirudishia.

"Muzee, uko na akili mingi. Akili mingi inachosha mutu. Rudi kwako."

Jumatano, 15 Novemba.

Kahindo ameondoka asubuhi. Alipita njia nyingine, sikumuuliza ipi. Nimempa koti langu, sabuni, na chumvi. Watu wa parokia ya hapa walipata vidonge kidogo. Vyote vilienea kwenye kikapu kimoja, sombe, majani ya muhogo, juu.

Nilitaka kumwambia kwamba alisema vizuri sana. Nikaanza kueleza vile alivyoweka kile kimya cha pili. Akasema, "Papa, hapana leo."

Lori langu ni kesho.

Jumapili, 26 Novemba. Butembo.

Ukungu hadi saa nne. Misa nimeisikiliza kutoka nje, ndani palijaa.

Mwenye baiskeli anayebeba mafuta ya mawese amenitafuta baada ya misa. Ametumwa na Kahindo. Kahindo amefika salama. Wote wamehama tena, mahali pengine kabisa, mwenye baiskeli hajui wapi na hakutaka kujua. Kwa hiyo ile ramani isingekuwa kweli hata kwa wiki mbili.

Pacha wa Kavugho, yule asiyelia, alikufa kabla Kahindo hajarudi. Yaani siku tulipokuwa tunamsema ukumbini huenda alikuwa amekwisha kuzikwa. Nilimwambia Kahindo achague mmoja. Alimchagua mama yake.

Mwenye baiskeli alikunywa chai, akaomba sukari zaidi, akaenda zake.

Kioo cha dirisha la jikoni kimevunjika tangu mwezi wa nane. Nimeikata ile karatasi ya tatu kwa wembe, nikaibana kwa misumari midogo. Kona ya mbavu iko chini, kushoto. Mvua imeanza. Haiingii. Mwanga unapita vizuri.